Kula Chao, Kura Yako?

Ndugu msomaji, kabla hujaniona mhubiri, nataka ujue tangu mwanzo kwamba nami nilizila. Zilikuwa mia tano tu, noti moja mpya yenye picha ya simba, na nilizipokea usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti 2022, siku niliyopiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Sisi twakaa Likoni, ng'ambo ya feri. Mwaka ule paketi ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, mpaka serikali ikaingilia kati mwezi wa Julai ikatangaza iuzwe 100, na huo unga wa mia ukawa wa kutafutwa kwa tochi. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, mchana nafanya vibarua vya kupakua mizigo, usiku naandika riwaya katika madaftari ya shule. (Riwaya hiyo ingali haijaisha, usiniulize.)

Basi saa tatu za usiku mlango ukabishwa. Alikuwa kaka mmoja wa mtaani petu, yuleyule aliyetufundisha kucheza mpira tulipokuwa watoto. Safari hii hakuja na mpira, alikuja na bahasha na orodha ya majina. Mama akapokea yake, kisha akanipokelea na yangu. Mimi nikasimama katikati ya chumba nikaanza kutoa hotuba: ati rushwa, ati Katiba, ati heshima ya raia! Yule kaka akaniangalia kwa huruma kama mtu amwonaye mgonjwa, akaaga kwa adabu, akaenda nyumba ya pili.

Mama alingoja hatua zake zipotee ndipo akaniambia, "Mwanangu, wewe wasoma sana. Kula chao, kura ni yako. Kule ndani ya kile kibanda cha makaratasi nani atakuona?"

Sikuwa na jibu, na nilikuwa na njaa ya madaftari. Asubuhi nikapewa karatasi tano badala ya sita, kwa kuwa uchaguzi wa gavana wa Mombasa ulikuwa umeahirishwa dakika za mwisho baada ya karatasi kuvurugika, ukaja kufanywa tarehe 29. Ile karatasi ya mwakilishi wa wadi nikaitia alama kwenye jina la mtu mwingine kabisa, mgombea aliyekuwa hana hata pesa za kuchapisha picha zake. Nikatoka pale nimejaa kiburi. Nimekula huku, nimepiga kule! Mia tano yenyewe nikanunulia madaftari mawili na kalamu, kwa hiyo ukija kuisoma riwaya yangu, jua sura ya nne na ya tano zimefadhiliwa na mheshimiwa.

Je, nilimkosea nani? Swali hili limenikaa rohoni miaka yote hii, na sasa Agosti 2027 ndiyo tunayoielekea. Kila barazani ninapokaa nawasikia vijana wenzangu wakisema maneno yaleyale ya mama, tena kwa kujisifu. Wao wanaona ni ushujaa. Mwizi katoa sehemu ya alichotuibia, sisi tumekirudisha nyumbani, kisha tumemnyima alichotaka. Kuna dhambi gani hapo? Kumdanganya mnunuzi wa kura ni sawa na kumdanganya mtu anayekuuliza amepita wapi jirani yako ili akamkate panga. Hana haki ya kupata ukweli wangu.

Kwa kweli hoja hii ina nguvu, na sikatai kwamba mnunuzi hana madai yoyote juu yangu. Kosa langu nililitafuta kwake, ndiyo maana sikuliona. Nilikuja kuliona mwaka 2023.

Yule aliyegawa bahasha alishinda. Mwaka uliofuata maji yalikatika mtaani kwetu majuma kadhaa, mtungi ukawa unauzwa kwa bei ya kumkejeli maskini, na sisi vijana kama kumi na watano tukaenda kumwona mheshimiwa. Tulijipanga vizuri. Mimi ndimi niliyeandika madai yetu, kwa Kiswahili safi, kurasa mbili. Akatusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Haya, katika nyinyi mlio hapa, ni nani hakupokea?"

Wallahi, hata feni ile ya darini nilihisi imesimama. Hakuna aliyeinua mkono. Mheshimiwa akacheka, wala si kwa ubaya, akatuagizia soda. Tukanywa. Njiani kurudi hatukuzungumza.

Hapo ndipo nilipofahamu siri yangu ya kibandani ilikuwa na thamani gani. Mimi nilijua kwamba sikumpigia. Lakini nani mwingine alijua? Ningeweza kusimama nikasema, "Nilipokea lakini sikukupa!" na hapo ningekuwa nimejitangaza laghai mbele ya laghai mwenzangu, tuone nani aaminiwe. Kura yangu ilikuwa safi, ila mdomo wangu ulikuwa umeshanunuliwa. Yeye hakununua alama ya kalamu siku moja. Alinunua miaka mitano ya kutoulizwa, na kwa mia tano alipata bei nafuu mno.

Sasa nikiri jambo jingine. Mimi najihesabu katika watu wa uhuru, wale ambao wengine huwaita waliberali kama kwamba ni tusi. Naamini mtu mzima asipangiwe na dola wala na chifu wala na mzee wa ukoo namna ya kuishi, maadamu hamdhuru mwenziwe. Lakini itikadi hii yangu ndiyo inayonitia mashakani. Mama ni mtu mzima. Alipokea kwa hiari yake. Yule kaka alitoa kwa hiari. Wawili wamekubaliana, mimi ni nani niingilie?

Nilimwendea John Stuart Mill, Mwingereza huyo ambaye watu wa uhuru humtaja kama baba yao. Katika kitabu chake juu ya serikali ya uwakilishi, cha mwaka 1861, anasema kura si mali ya mtu, ni amana. Nilipoisoma hoja hiyo nilipiga meza. Embe la mti wangu naweza kukuuzia, likikuumiza tumbo ni shauri yako. Lakini kura yangu inamtawala hata jirani yangu ambaye hakuniuzia wala hakuninunulia chochote. Mama akipokea mia tano, maji yanamkatikia pia yule bibi kipofu wa nyumba ya nyuma ambaye hakupelekewa bahasha. Hao wawili hawakuwa wawili tu. Walikuwepo watu wa tatu wengi, hawakuulizwa.

Lakini Mill huyohuyo, kutokana na hoja hiyohiyo, akafika mahali ambapo simfuati. Alisema maadamu kura ni amana, basi ipigwe hadharani, ili watu waone umeitumiaje. Huko ulimwenguni kura ya siri ilikuwa ndiyo kwanza imeanza katika makoloni ya Australia mwaka 1856, na Uingereza yenyewe iliikubali mwaka 1872, Mill akiwa mpinzani wake. Laiti angekuja kukaa na nyanya yangu!

Nyanya aliuona mlolongo wa mwaka 1988. Katika uteuzi wa KANU mwaka huo, wakati chama kilikuwa kimoja tu, wapiga kura walipangwa mistari nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa kama mbuzi mnadani, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Hata kuhesabu huko kulikuwa na miujiza yake, kwani mstari mfupi uliweza kutangazwa mrefu mchana kweupe. Nyanya husimulia jinsi babu alivyotoka nyumbani akiwa na mtu wake moyoni, akafika uwanjani, akamwona mwajiri wake amesimama pembeni ameshika kiuno. Babu akaenda kusimama mstari mwingine. "Hakula siku hiyo," nyanya asema. "Na hakutaka kuulizwa."

Babu hakupokea hata senti. Alipiga kura hadharani, kama Mill alivyotaka, na amana yake ikanyakuliwa na macho ya mtu mmoja. Kwa hiyo mimi siri siitoi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 81, inataka uchaguzi uwe wa kura ya siri, na papo hapo uwe huru na vitisho na ufisadi. Mambo hayo yamewekwa nyumba moja, na sisi tumechukua la kwanza tukalifanya pazia la kufichia la pili. Nayo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mkosaji anayetoa na anayepokea vilevile. Lakini sheria hiyo nani amewahi kuiona ikitembea usiku na bahasha?

Tena hata hilo pazia linatoboka. Rafiki yangu mmoja aliambiwa apige picha ya karatasi yake kwa simu akiwa kibandani, aitume, ndipo atumiwe nusu ya pili ya pesa. Akaituma. Yaani simu imeurudisha mlolongo ndani ya kibanda, na safari hii mtu anajipanga mwenyewe.

Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bunge kule Nairobi, nasi Mombasa tulikuwa barabarani tukipinga Mswada wa Fedha. Tulisema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Makumi ya vijana nchini waliuawa katika siku zile, na ukitaka kunikasirisha niambie kwamba walikuwa wakitafuta simu za kuiba. Sasa nani unadhani nilimwona katika maandamano yale, amejifunga bendera kichwani, anaimba kwa sauti kuliko sisi sote? Yule kaka wa bahasha. Aliahidiwa kazi mwaka 2022, hakuipata. Tulikumbatiana. Sikumuuliza kitu, naye hakuniuliza, maana kila mmoja alimjua mwenziwe.

Mwaka huu, baada ya kazi moja nzuri bandarini, nilitenga mia tano nikampelekea. Nilimwambia, "Kaka, hii ni ya 2022, irudishe ilikotoka." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Nikimrudishia ataamini za wengine nilizila mimi. Wataka niharibikiwe?" Akakataa kata kata. Mheshimiwa mwenyewe hapatikani, mlinzi wake aliniambia nije na miadi.

Nilimsimulia mama. Sikutegemea aniunge mkono, wala hakuniunga. "Wewe una mgongo wa kubeba magunia," alisema, "ndio maana waweza kurudisha. Mwaka ule mie nilikuwa na nini?" Nikamtajia bibi kipofu wa nyumba ya nyuma. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema kumbe hata yule bibi alipelekewa, ila walimpelekea mia mbili.

Noti yangu ingali katika daftari la sura ya tano. Juzi mama alikuwa akipanguza meza akaiona, akauliza ni ya nani.