Lijamu Kinywani mwa Farasi

Soma Zaburi 32:8, 9, Mithali 12:10, Yakobo 3:3.

Yakobo alipotaka kueleza nguvu ya ulimi, alitumia mfano ambao kila msikilizaji wake aliufahamu: chuma kidogo hutiwa kinywani mwa farasi, na mwili wote hugeuka. Tangu zamani wengi waliotaka kumwongoza farasi walimtia lijamu, ingawa Wanumidia wa Afrika Kaskazini, waliopigana upande wa Hannibal, walisifika kwa kupanda farasi wasio na hatamu kabisa.

Chuma hicho hukaa katika pengo lililopo kati ya meno ya mbele na magego, juu ya ulimi na juu ya ufizi mwembamba uliofunika mfupa wa taya. Mnyama wa kilo 500 hawezi kuzuiwa kwa nguvu za mikono ya mtu. Huzuiwa na kile anachokihisi mahali hapo, au anachokumbuka kwamba aliwahi kukihisi.

Robert Cook, daktari wa wanyama na profesa wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, alitumia miaka mingi kueleza madhara ya lijamu. Hatamu aliyoieneza haina chuma. Mikanda yake hupishana chini ya taya, hivyo mpandaji akivuta upande mmoja, kichwa husukumwa kutoka upande wa pili. Farasi kutikisa kichwa, kuachama, kupitisha ulimi juu ya chuma: wapandaji wengi waliyaita mambo haya ukaidi. Ni jambo zito kuyaita maumivu ya mwingine tabia mbaya, maana aliyeitwa mkaidi huongezewa adhabu.

Lakini mwenye farasi huuliza, “Nani atamsimamisha akishtuka barabarani?” Hofu hiyo si ya kudharauliwa, farasi aliyetoroka huua. Kwa hiyo wanaobadilisha kwa busara huanza ndani ya uzio, kwanza wakiwa chini, wakimfundisha kuitikia mguso wa puani, kisha kwa mwendo wa kutembea tu. Ukanda wa pua usishuke mno, kwa kuwa mfupa wa pua ni mwembamba kwenye ncha yake, na farasi hapumui kwa kinywa. Wengine huzoea siku hiyo hiyo, wengine huhitaji majuma. Hapo ndipo mwenye farasi hujua kama mnyama wake alikuwa amefundishwa au alikuwa ametishwa tu.

Tena, kuondoa chuma si lazima kuwe huruma. Zipo hatamu zisizo na lijamu zenye vyuma virefu pembeni ambavyo huzidisha nguvu ya mkono, zikabana pua na taya. Katika mikono mizito, hizo ni mbaya kuliko lijamu laini katika mikono myepesi. Sulemani alijua kwamba huruma nyingine ni ukatili. Naye mwenye haki, katika Mithali 12:10, huufikiri uhai wa mnyama wake, neno la Kiebrania lililotumika hapo ni “kujua.” Anayebadilisha vifaa bila kubadilisha mikono hajamjua farasi wake bado.

Wapo wanaoitumia Zaburi 32:9 kama kibali cha lijamu. Zaburi hiyo inawaonya watu. Si kanuni ya zizi. Na kabla ya kutaja lijamu, fungu la 8 linataja kufundisha.

Swali la kujadili: Katika mashindano ya kimataifa ya drisaji, ambayo farasi hupimwa kwa utulivu na ulaini wa mwendo, kanuni hudai lijamu, katika kuruka viunzi, hatamu zisizo na lijamu huruhusiwa. Mpandaji wa drisaji ameamini kwamba farasi wake anaumia, na mashindano ndiyo riziki ya nyumba yake. Mithali 12:10 inamdai nini kabla ya shindano lijalo?