Ahadi ya Msafiri



Katika kikao cha halmashauri ya parishi yetu lilitolewa pendekezo kwamba mwaka huu safari ya vijana irudiwe, na mara hii iwe ndefu zaidi: tusiishie Morogoro bali tufike Iringa na Mbeya, tukiwatembelea wanafunzi Wakristo vyuoni. Wengi walishangilia. Mimi nilinyamaza, na baadaye nikaulizwa sababu, hali mimi ni mmoja wa wazee waliokuwamo ndani ya gari mwaka jana. Nimeona heri nijibu kwa maandishi, maana jibu langu lina jambo la kukiri ndani yake, tena lina swali linalotuhusu sote: je, ahadi ambayo msafiri humpa mtu akiwa njiani ina uzito gani?

Safari yenyewe ilikuwa njema. Tuliondoka hapa Ihumwa Jumatano moja ya Novemba, watu wanane ndani ya Noah ya kukodi, tukiwa na gitaa, kasha la vitabu vya nyimbo na karanga za kutafuna njiani. Tulipita Chamwino na Buigiri, tukakata Mbande kwenda Kongwa na Mpwapwa, kisha tukarudi barabara kuu na kushika Gairo mpaka Morogoro. Kwa siku nne tulionana na wanafunzi wa vyuo sita.

Walitupokea vizuri mno. Yeyote anayesema kwamba vijana wa siku hizi wameliacha Kanisa, ningependa aketi nao alfajiri katika ukumbi usio na viti, asikie wanavyoomba. Wapo waliolelewa katika UKWATA tangu sekondari, wapo wa TAFES, wapo wa CASFETA. Wanachagua viongozi wao wenyewe, wanachanga senti zao wenyewe, na wala hakuna mzee anayewaamsha kwenda kusali. Lakini wana upungufu mmoja ambao hawakuuleta wao. Kila mwaka wale wakubwa wanahitimu na kuondoka, nao waliobaki huanza tena. Kwa hiyo mwenye swali zito mara nyingi hana wa kumwuliza ila mwenzake wa umri uleule, anayekaa naye chumba kimoja.

Katika chuo kimoja, baada ya mkutano, binti mmoja wa mwaka wa tatu alinisubiri karibu na gari. Alinisalimu kwa heshima, akaomba dakika tano. Fedha za mkopo, zile ambazo wanafunzi huziita “boom”, zilikuwa hazijaingia. Mama yake huuza mboga, naye hakuwa na cha kumtumia. Basi kwa majuma matatu binti alikuwa akiwaandikia wenzake kazi za chuo kwa malipo, na kwa fedha hiyo alinunua chakula chake na cha mwenzake wa chumbani. Anasomea ualimu, tena ndiye anayeongoza nyimbo katika ushirika wao.

“Mwalimu,” akasema, “najua ni kosa. Sikuulizi kama ni kosa. Nakuuliza nile nini nikiacha, na kama yafaa niendelee kusimama mbele kuimbisha wakati bado sijaacha.”

Ndugu, nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi walioibiana majibu nimewakamata wengi. Kuhusu kosa nilikuwa na maneno tayari. Kuhusu chakula sikuwa nayo. Na dereva alikwisha kuwasha gari. Nikatoa daftari, nikaandika jina lake na namba yake ya simu, nikamwambia, “Mwanangu, swali lako si la dakika tano. Nikifika nyumbani nitakaa nilifikiri, kisha nitakupigia.” Alifurahi, akasimama akitupungia mkono hata tulipokata kona.

Sikumpigia. Nilirudi nikakuta mvua za kwanza, shamba linanisubiri. Halafu kukawa na misiba miwili, halafu Krismasi. Sikukusudia kumdanganya, siku ile niliyoahidi nilikuwa nasema kweli. Mwezi wa Machi, nikitafuta hesabu za mbegu, nililifungua daftari lile nikaliona jina lake. Nikapiga simu mikono ikitetemeka.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia kwamba fedha zilikwisha kuingia mwezi wa Januari, na ule uandishi ameuacha. Kuimbisha pia aliacha, wala hakumwambia mtu sababu. Kisha akasema, “Uliponyamaza nilidhani swali langu lilikuwa baya. Nikaona nisimsumbue mtu mwingine nalo.”

Maneno kama hayo nilikwisha kuyasikia zamani. Mwaka 1981 nilikuwa katika chuo cha ualimu. Ulikuwa wakati wa shida, sabuni na sukari ni za foleni. Siku moja wageni walikuja kwa Land Rover, wakahubiri siku mbili, na wengi tulibarikiwa. Rafiki yangu mmoja, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na changu, alimwendea mmoja wa wageni na kumweleza jambo lililokuwa likimtesa. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, na baba yake alimtaka likizoni ashiriki tambiko la kuomba mvua. Akikataa, angemvunjia baba heshima mbele ya ukoo; akikubali, dhamiri yake ingemshtaki. Mgeni aliahidi kumwandikia barua. Kila asubuhi mstarini majina ya wenye barua yalisomwa, na muhula mzima yule ndugu alisimama akisikiliza. Baadaye aliniambia kwamba huenda jambo lake lilikuwa dogo mno kwa watu wale. Muhula uliofuata hakuonekana tena katika sala. Nilimlaumu sana mgeni yule. Niliapa moyoni kwamba mimi sitafanya hivyo, na tazama, nimefanya.

Watu hudhani kwamba ahadi ya njiani ni nyepesi kuliko ya nyumbani. Mimi naona ni kinyume. Nikimwahidi jirani yangu hapa Ihumwa kumwazima jembe nisimpe, atakuja kubisha hodi, au tutakutana kisimani naye atanikumbusha. Binti yule hana mlango wa kubisha. Nilichukua namba yake, yangu sikumpa. Hata kama angekuwa nayo, angeona haya kumdai mzee. Deni la namna hiyo halina anayeweza kulidai, kwa hiyo linategemea uaminifu wa mdaiwa peke yake. Kama uaminifu huo haupo, hakuna mahakama wala kikao kitakachojua.

Nilipomweleza katibu wetu wa vijana mawazo haya, alinipinga, na pingamizi lake ni la haki. “Mzee,” alisema, “tukifuata hivyo hatutasafiri tena. Filipo alimkuta yule Mhabeshi garini, akambatiza, kisha Roho akamnyakua. Hawakuonana tena, na yule mtu akaenda zake akifurahi. Mbona hatusemi Filipo alimtupa?”

Nililifikiri neno hilo siku nyingi. Hakika, mkutano wa saa moja waweza kuwa wa haki. Lakini tuangalie Filipo alifanya nini. Kwanza alikimbia kando ya gari akasikiliza yule mtu anasoma nini. Hakupanda mpaka alipoombwa kupanda. Alianza na swali la msomaji mwenyewe, wala hakushuka mpaka swali limefika mwisho. Tena hakumwahidi kitu. Alichokuwa nacho alikitoa chote saa ileile.

Kwa hiyo naona njia mbili zilizo njema. Ya kwanza ni ya Filipo: usiahidi, bali mpe mtu saa yako yote, hata kama dereva anapiga honi. Ya pili ni ya Paulo, aliyemwambia Barnaba warudi kuwatazama ndugu katika kila mji walikohubiri. Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu. Efeso alifundisha miaka miwili katika chumba cha shule. Na alikoshindwa kwenda, aliandika. Hata hivyo Wakorintho walimlaumu kwamba alisema atakuja naye hakuja. Paulo hakuwajibu kwamba ana shughuli nyingi, ingawa alikuwa nazo. Alieleza sababu zake, akataka wajue kwamba neno lake si ndiyo na siyo kwa wakati mmoja, kwa kuwa Mungu anayemhubiri si wa namna hiyo. Alijua kwamba wasiolisadiki neno la mhubiri juu ya safari hawatalisadiki kwa urahisi neno lake juu ya Mungu. Njia ya tatu, ya kuahidi na kwenda zako, ndiyo niliyoifuata mimi, na sioni mahali Maandiko yanapoihesabu kuwa kazi ya Injili.

Sisi wa Dodoma tunao mfano wetu wenyewe. Katika miaka ya 1940 alikuja hapa mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, jina lake Festo Kivengere. Alifundisha katika Alliance, shule ya sekondari ya pale Kikuyu ambayo baadaye iliitwa Mazengo, na ambayo mahali pake tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikuwa mtu wa Uamsho, na ndugu wa Uamsho walikuwa wasafiri hodari. Lakini Festo hakuja Dodoma kupita. Alikaa zaidi ya miaka kumi, akifundisha darasani siku za juma, na wanafunzi wakimwona akiwa amechoka na akiwa na furaha pia. Mwaka 1959 alisafiri kwenda Australia kuhubiri pamoja na Askofu Yohana Omari, na watu wengi zaidi walimjua baadaye, alipokuwa Askofu wa Kigezi na alipoikimbia serikali ya Idi Amin mwaka 1977. Safari zake zote kubwa zilimkuta akiwa mtu aliyekwisha kukaa na vijana.

Tunao pia mfano wa upande wa pili. Tulipofika Kongwa vijana waliniuliza habari za karanga. Niliwasimulia jinsi serikali ya Uingereza ilivyoleta matrekta tangu mwaka 1947, ili nyika igeuke mashamba makubwa. Mibuyu na mizizi ilivunja mashine, mvua haikutosha, na wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilikuwa paundi milioni 36 hivi. Hawakukosa nia wala fedha. Walikuwa na haraka, na Mgogo aliyelima ardhi ile tangu utoto hakuulizwa inyeshewapo inakuwaje na ikaukapo inakuwaje. Nilisimulia habari hizo kwa ufundi wa mwalimu, vijana wakacheka. Sikufikiri kwamba nasi tulikuwa tumepanga vyuo sita kwa siku nne.

Basi ushauri wangu kwa halmashauri ni huu. Kutoka Ihumwa hadi Kikuyu ni mwendo wa daladala. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kwa nia ya kufikia wanafunzi 40,000, kiko karibu nasi, na wengi wa vijana wale wako mbali na mama zao. Nauli ya kwenda Mbeya na kurudi yatosha kutupeleka kwao kila mwezi mwaka mzima. Twende watu walewale, tuketi nao, tujue majina yao na siku zao za mitihani. Atakayeandika jina la kijana katika daftari alisome mbele yetu Ijumaa inayofuata, atuambie amelifanyia nini, naye kijana aachiwe namba ya kumpata. Na kama Bwana akitupeleka mbali kweli, mahali tusipoweza kurudi, basi tusiahidi kitu. Tusikilize mpaka mwisho, hata kama tutachelewa kituo kinachofuata, na kabla ya kuondoka tumkutanishe kijana na mchungaji wa pale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa saa tatu tukashukuriwa kwa makofi, na jembe hatukuligusa.

Huenda mwataka kujua nilimjibu nini binti yule. Nilimwomba msamaha kwanza, naye akanisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Kisha nilimwambia niliyopaswa kumwambia Novemba: kwamba aache kuandika kazi za wengine siku hiyohiyo, na asimame kando kidogo mpaka aache, kisha arudi, na kwamba kukosa chakula si aibu ya kuwaficha ndugu anaosali nao. Ama swali la nile nini, jibu lake halikuwa maneno. Lilikuwa nusu gunia la unga wa uwele, nalo nilikuwa nalo ghalani wakati ule wote.

Ningependa ghala la parishi litenge unga kwa ajili ya vijana wa namna hii kabla vyuo havijafunguliwa. Naomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya kikao kijacho, nami nitalitolea gunia la kwanza.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Ihumwa