Gari Lililobadilishwa Bushi

Gari halipotezi utulivu wake kwa siku moja. Katika Toyota Land Cruiser Prado 120, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009 na ambayo bado ni nyingi katika barabara za Tanzania na Kenya, kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, na mkono hukaa kwenye bushi zake za mpira. Miaka inavyopita mpira hukauka na kupasuka. Shokapu huishiwa nguvu ya kuituliza springi, boljointi hulegea, na usukani huanza kucheza katikati kabla matairi hayajaitika. Haya huja polepole mno hata dereva akayazoea. Siku fundi anapoahidi kulirudisha gari hilo lilivyokuwa, swali la kifalsafa huwa limeingia gereji: kinachorudishwa ni kitu gani, nacho hukaa wapi?

Swali hili ni kongwe. Plutarch anasimulia jinsi watu wa Athens walivyoihifadhi meli ya Theseus, yenye makasia 30, kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni meli ileile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes alilikaza fundo: je, mtu akiziweka mbao zilizotolewa na kuziunga tena kwa mpangilio wa awali, meli ya kweli ni ipi? Gerejini spea zilizong'olewa hufungwa kwenye magari mengine kila siku, wala hakuna asemaye kwamba Prado imehamia huko. Kilichohama ni chuma na mpira tu.

Swali la Nagasena, mtawa wa Kibuddha, linakaribia zaidi jambo lenyewe, kwa kuwa lilihusu gari. Katika kitabu cha Milinda Panha anamuuliza mfalme Milinda: gari lako la farasi ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Mfalme anakana kimoja baada ya kingine, hadi wanakubaliana kwamba "gari" ni jina litumikalo pale sehemu hizo zinapokuwa pamoja.

Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. Jina haliwezi kuurudisha usukani katikati. Baada ya kona dereva hulegeza mikono na usukani hujinyoosha wenyewe, kwa sababu ya pembe ya kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia gurudumu ulivyolazwa nyuma kidogo. Pembe hiyo haimo ndani ya bushi wala ndani ya boljointi. Imo katika namna vitu hivyo vilivyokaa pamoja, nayo hupimika kwa digrii. Aristotle, aliyesema kwamba kitu ni maada pamoja na umbo lake, angeelewana haraka na fundi wa alaimenti, yaani anayepima na kurekebisha pembe za magurudumu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye bolti moja. Bushi mpya hufungwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Bolti ikikazwa kabisa hapohapo, mpira hushikwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa hata likiwa limeegeshwa. Mwendo huwa mgumu, na bushi huchanika kabla ya wakati wake. Fundi makini huishika bolti kidogo tu, hushusha gari hadi uzito wote ukae kwenye magurudumu, ndipo hukaza, kisha hulipeleka alaimenti. Bushi ni ileile na bolti ni ileile. Kilichotofautiana ni uhusiano wa kipande na gari zima.

Wapo wanaochagua bushi za poliyurethani, ambazo hudumu lakini ni ngumu zaidi na hupitisha mtetemo mwingi. Hapo gari huweza kuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, ila limebadilishwa, halikurudishwa. Kumbukumbu ya dereva haiwezi kuamua jambo hili, kwa kuwa hulinganisha leo na jana. Vipimo vya mtengenezaji, pembe za magurudumu na kimo cha gari, ni shahidi bora. Kwa kipimo hicho, Prado iliyotiwa bushi mpya zote na kukazwa ikiwa imesimama chini kwa uzito wake ni gari lilelile zaidi kuliko ile ambayo haijawahi kufunguliwa lakini pembe zake zimepotea.