Ardhi ya Urithi na Deni la Sumu

Katika mirathi ya Kiislamu, deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Naamini kanuni hiyo inaihusu pia ardhi tutakayowaachia watoto wetu. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda, ilipelekwa shamba la Vikuge, mkoani Pwani, Tanzania. Banda la kuvihifadhi lilikuwa bovu, sumu ikazama ardhini, na watafiti waliopima udongo ule miaka mingi baadaye waliikuta DDT, kiuatilifu cha klorini, bado ipo. Wapo watakaosema DDT iliokoa watu na malaria. Ni kweli iliwaokoa. Lakini hata mkopo uliofanya kazi njema hurudishwa. Wengine watasema Mungu ameijalia ardhi kujisafisha, basi tusubiri. Vijidudu vya udongoni humeng'enya mengi, ila DDT wanaigeuza kuwa DDE, inayodumu zaidi, ikajikusanya katika mafuta ya mwili hadi ikafika kwenye maziwa ya mama. Anayesubiri hapo amemtwisha mtoto mchanga deni lake.

Namna ya kulipa nayo ina uzito. Kuchoma viuatilifu vya klorini jalalani huzalisha dioksini, sumu nyingine, yaani deni jipya juu ya la zamani. Ndiyo maana naithamini kazi ya Terry Collins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Mwaka 2006 walionyesha kwamba kichocheo chenye chuma, kikitumika kwa kiasi kidogo mno pamoja na haidrojeni peroksaidi (ileile inayouzwa famasi kwa kusafishia vidonda), huivunjavunja fenitrothioni, dawa iliyopigiwa nzige Kenya mwaka 2020. Peroksaidi yenyewe huishia kuwa maji na oksijeni. DDT ni ngumu zaidi: chuma kikiinyang'anya klorini moja tu, hubaki DDD, nayo ni sumu. Kwa hiyo anayeishia njiani hajalipa.

Kuna hofu kwamba tukijua kusafisha tutachafua bila woga. Hofu hiyo ina msingi, na wanakemia Paul Anastas na John Warner waliijibu mwaka 1998: kati ya kanuni zao 12 za kemia ya kijani, ya kwanza ni kuzuia taka, na ya kumi inataka kemikali iundwe ili ivunjike yenyewe ikishamaliza kazi. Basi mamlaka zinazosajili viuatilifu kwetu zimuulize kila mtengenezaji, kabla ya kumpa kibali: dawa hii inavunjika vipi, inabaki nini, na nani atalipa isipovunjika?