Himma ya Wenye Kufaulu, na Habari ya Sayyidna Abdurrahman bin Auf

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: Kila siku mara tano mwadhini huwaita watu kwenye sala, kisha huwaita kwenye falahi, yaani kufaulu. Na neno hili falahi katika Kiarabu lina asili moja na neno fallahi, naye ni mkulima. Kwa kuwa asili ya maneno haya ni kupasua, na mkulima ndiye aipasuaye ardhi kwa jembe kabla ya kutia mbegu. Basi mwenye kuzingatia ataona ya kuwa hata ndani ya lugha yenyewe kufaulu hakuachani na kazi.

Lakini watu wengi wamwonapo mwenzao amefaulu huyatazama mavuno, wala hawalitazami jembe. Husema: Yule ana bahati, yule nyota yake njema, yule babake alimwachia. Kisha hurejea barazani wakakaa. Na lau wangalichunguza, wangaliona ya kuwa mtu aliyefaulu hakuanza kufaulu siku alipopata mali. Alianza siku ile aliyokuwa hana kitu, kwa lile jambo aliloliomba siku ile. Hiyo ndiyo himma, nayo hukaa moyoni kabla ya kuonekana mkononi. Na katika habari za Masahaba hapana ushahidi ulio wazi wa jambo hili kupita habari ya Sayyidna Abdurrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu amwie radhi.

HABARI YAKE ALIPOFIKA MADINA

Abdurrahman alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Bani Zuhra, mfanyi biashara wa Makka. Alikuwa katika watu wa mwanzo kusilimu, na ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alihamia Uhabeshi kwa ajili ya dini yake, kisha katika Hijra, mwaka wa 622 wa miladi, akahamia Madina. Alifika mikono mitupu, na aliyoyachuma yote ameyaacha nyuma.

Mtume (S.A.W.) akawafunga udugu Wahajiri na Ansari, na Abdurrahman akafungwa udugu na Saad bin Rabii, naye ni katika matajiri wa Madina. Saad akamweleza ya kuwa mali yake ni nyingi, basi wagawane nusu kwa nusu. Tena ana wake wawili, naye yu tayari kumwacha mmoja, ili eda yake ikiisha Abdurrahman amwoe. Huo ni ukarimu ambao watu wakarimu wote wa duniani hawana la kuuzidisha. Mali ile ilikuwa halali, mwenyewe ametoa kwa moyo mkunjufu, na mwenye kupewa ni mhitaji kweli kweli. Lau angalipokea, nani angalimlaumu?

Abdurrahman hakupokea. Alimwombea Saad baraka katika ahali yake na mali yake, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liliko. Akaonyeshwa soko la Bani Qainuqaa, kabila la Mayahudi waliokaa Madina. Akaenda akauza na kununua, na aliporudi alirudi na faida yake: samli kidogo na maziwa yaliyokaushwa. Kesho yake akaenda tena, na siku zilizofuata vivyo hivyo.

Haukupita muda mrefu Mtume akamwona ana alama ya zafarani, akamwuliza habari yake. Akajibu ya kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari. Akamwuliza mahari aliyotoa. Akasema ni dhahabu yenye uzani wa kokwa ya tende. Mtume akamwamrisha afanye karamu ya harusi, ijapokuwa kwa kondoo mmoja. Basi mtu aliyeingia mjini hana kitu, sasa ana mahari aliyoitoa mwenyewe na karamu anayoiandaa mwenyewe, wala hana deni la fadhila shingoni mwake.

MAMBO MATATU YALIYOMO KATIKA HABARI HII

La kwanza: Aliomba njia, hakuomba fungu. Fungu huliwa likaisha, na aliyelila hurudi kuomba jingine; lakini aliyejua njia huipita kila asubuhi. Wazee wamesema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wala jambo hili halikumfaa Abdurrahman peke yake. Katika mwaka wa tatu wa Hijra, sawa na 625, Saad bin Rabii alikufa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mjane na mabinti wawili. Ami yao akaitwaa mali yote, na mama yao akaenda kwa Mtume kushitaki. Hapo ikashuka hukumu ya mirathi, na Mtume akamwamrisha ami yule awape mabinti theluthi mbili, na mama yao thumni, kisha kilichosalia kiwe chake. Na afikiri mwenye akili: mabinti wale wangalirithi nini, lau nusu ya mali ya baba yao ingalikwisha toka nyumbani miaka mitatu nyuma? Siku ile ya ukarimu hapana aliyejua ya kuwa watakuwa mayatima. Na mwenye himma, kwa kuuzuia mkono wake, akawahifadhia fungu lao asilolijua.

La pili: Alihesabu alichonacho, hakuhesabu alichokipoteza. Nyumba na bidhaa vilibaki Makka, lakini ujuzi ulikuja pamoja naye: kujua bidhaa njema na mbovu, kujua bei, na kutimiza ahadi. Hayo hayaibiwi. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ya kuwa Mwislamu ajitahidi katika lile lenye kumfaa, amtake Mwenyezi Mungu msaada wala asilegee, na likimsibu jambo asirudi nyuma na kusema lau angalifanya kadha ingalikuwa kadha, kwani neno lau humfungulia shetani kazi yake. Sasa na wasikilizwe watu barazani usiku mmoja tu, neno hili lihesabiwe. Lau shamba la babu lisingaliuzwa! Lau nyumba ile ya marehemu isingaliingia rahani! Lau mjomba angalimpeleka mtoto chuoni! Huenda yote ni kweli. Lakini lau haijapata kununua hata kibaba kimoja cha mchele.

La tatu: Hakudharau kilicho kidogo. Mtu aliyezoea misafara ya Makka hakuona haya kurudi nyumbani na samli. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 505 wa Hijra, sawa na 1111, amesimulia katika kitabu chake cha Ihya ya kuwa Abdurrahman aliulizwa sababu ya utajiri wake, akataja mambo matatu: hakupata kukataa faida yoyote, hakupata kuchelewesha kuuza mnyama alipotakiwa, na hakupata kuuza kwa deni. Tena ikasimuliwa ya kuwa aliuza ngamia elfu moja, asipate faida ila kamba zao za kufungia; akauza kila kamba kwa dirham moja akapata dirham 1,000, na kwa kuwa ngamia wametoka mkononi mwake siku ile, akaokoka na gharama ya malisho yao, nayo ni dirham 1,000 nyingine. Mtu mwingine angalisema: Ngamia elfu, kisha faida kamba! Angaliwazuia, na majani yangalimla yeye kabla ya ngamia kuyala.

Na hapa ndipo penye maradhi ya vijana wengi wa pwani. Kijana mzima, mwenye nguvu na afya, huona haya kushika dele la kahawa katika mtaa wake, au kuweka viazi na mishikaki mlangoni, kwa kuchelea watu watasema: Tazameni mwana wa fulani! Lakini haoni haya kumsimamisha mpita njia na kumwomba fedha ya kikombe cha kahawa ile ile. Wala haoni haya kungoja kila mwisho wa mwezi fedha za ndugu yake aliyeko Maskati au Ulaya, naye ndugu yule huko aliko huenda anafanya kazi iliyo nzito kuliko kuuza kahawa. Basi aibu ni ipi katika haya mawili? Mtume ameeleza ya kuwa mtu kuchukua kamba yake akaenda kukata kuni na kuzibeba mgongoni ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

JAWABU YA WENYE KUSEMA RIZIKI IMEKWISHA ANDIKWA

Atasema mtu: Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kilichoandikwa kitafika, kuna haja gani ya kujihangaisha? Jawabu yake ni kuwa maneno haya mwanzo wake ni kweli na mwisho wake ni uvivu. Mtume alipotaka kuwafunza watu kutawakali aliwapigia mfano wa ndege, watokao asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Ndege hawa hutoka. Hapana aliyeshiba naye amelala kiotoni. Na alipoulizwa na mtu mmoja kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alimwamrisha amfunge kisha atawakali. Abdurrahman alikuwa na yakini kuliko wengi wasemao maneno haya leo, na yakini yake ndiyo iliyomtoa nyumbani, kwa kuwa aliamini ya kuwa Mola aliyemruzuku Makka hakushindwa kumruzuku Madina.

Wala isifahamike ya kuwa msaada ni haramu. Mgonjwa, kizee, mjane na yatima wana haki yao, na zaka imefaradhiwa kwa ajili yao. Abdurrahman mwenyewe alikubali udugu wa Saad, na alikubali kuonyeshwa njia. Katika hili matajiri nao wana somo lao. Imepokewa na Abu Daud ya kuwa mtu mmoja wa Kiansari alikuja kwa Mtume kuomba. Mtume akataka aletewe vilivyomo nyumbani mwake, vikaja nguo moja na chombo cha kunywea maji. Akavinadi vikapata dirham mbili. Akamwamrisha anunue chakula cha watu wake kwa dirham moja, na kwa ya pili anunue shoka. Kisha Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia akakate kuni wala asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi na dirham kumi. Basi tajiri atoaye senti mlangoni kila Ijumaa amefanya wema. Lakini amtiaye kijana mpini katika shoka lake, akamfunza hesabu za duka, akamdhamini kwa wenye bidhaa, huyo ndiye aliyemwonyesha soko.

KUFAULU KWA KWELI

Abdurrahman alitajirika hata, kama ilivyopokewa katika tarikh, alipokufa mwaka wa 32 wa Hijra dhahabu yake ilikatwa kwa mashoka ili igawanywe. Lakini anayedhani ya kuwa dhahabu ile ndiyo kufaulu kwake hajaifahamu habari hii. Siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturu. Akamkumbuka Musab bin Umair, kijana aliyelelewa katika neema Makka, kisha akauawa siku ya Uhud. Nguo ya kumkafini ilikuwa fupi, wakimfunika kichwa miguu huonekana, wakimfunika miguu kichwa huonekana. Abdurrahman akasema ya kuwa Musab alikuwa bora kuliko yeye, na akachelea isije ikawa thawabu zake amekwisha pewa hapa duniani. Akalia hata akakiacha chakula.

Huyu ndiye mwenye kufaulu: mali iko mkononi, haikupanda moyoni. Kwa hiyo mali haikumzuia kusimama Uhud akajeruhiwa majeraha mengi, moja likamwacha akichechemea. Haikumzuia kutangulizwa na watu kuwasalisha alfajiri katika safari ya Tabuk, hata Mtume mwenyewe akaja akasali nyuma yake. Na alipouawa Sayyidna Umar, mwaka wa 644, akiwa amewaachia watu sita shauri la ukhalifa, Abdurrahman alikuwa mmoja wao, naye alijitoa, akawa ni mwenye kuwauliza watu, hata akabaiwa Sayyidna Uthman. Moyo ule uliosema hapana kwa nusu ya mali ya Saad ndio uliosema hapana kwa ukhalifa. Mwenye njaa ya kila kitu hawezi hayo; hayawezi ila yule aliyezoea, tangu siku ya umaskini wake, kuutawala mkono wake.

NASAHA

Enyi ndugu Waislamu! Himma hainunuliwi wala hairithiwi, bali huzoezwa kidogo kidogo kama mtoto azoezwavyo sala. Na azingatie kila mtu, atokapo msikitini baada ya sala ya alfajiri: je, leo ataomba fungu, au ataomba njia? Mwenye kazi ndogo na aishike wala asiichekee. Asiye na kazi na amwendee mwenye kujua amfunze. Mwenye duka na amfungulie kijana mlango. Na mwenye kupata na akumbuke sanda ya Musab. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli kilicho bora ni kile cha siku isiyokuwa na kivuli kingine.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu himma njema, awakinge na uvivu na kulemea watu, awaruzuku riziki ya halali yenye baraka, na awafufue katika kundi la wenye kufaulu. Amin.