Susa Mbele ya Hakimu

Susa ya Garissa hununuliwa kwa ulimi. Mama muuzaji hukuonjesha kidogo, ukaipenda au ukaenda zako. Ni maziwa ya ngamia yaliyokaa siku moja au mbili katika chombo kilichofukizwa moshi, yakachachuka yenyewe. Waliofanya kazi hiyo ni bakteria, nao ndio wanaonisumbua fikra.

Mwaka 2012, Christoph Jans wa chuo cha ETH Zurich na wenzake walieleza bakteria waliowakuta katika susa ya Kenya na Somalia. Aliyetia fora ni Streptococcus infantarius. Jamaa zake wa karibu wana sifa mbaya hospitalini: wamekutwa kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na wenye maambukizi ya ndani ya moyo. Mwenye haraka angesema susa imwagwe. Lakini angekuwa amehukumu kwa nasaba. Jeni za bakteria huyo zilipochunguzwa, ilionekana kwamba uwezo wake wa kutumia sukari ya maziwa aliuchukua kwa bakteria wa mtindi. Mwaka 2018, Dasel Kaindi na wenzake wakaonyesha kuwa wale wa spishi hiyohiyo wanaohusishwa na saratani ni ukoo tofauti na ule mkubwa wa maziwa. Spishi moja, jina moja, mienendo mbalimbali. Kumbe hata kiumbe kisichoonekana kwa macho hakistahili kuhukumiwa kwa jina lake.

Hilo halifanyi maziwa mabichi kuwa salama. Ngamia huweza kubeba bakteria aitwaye Brucella, na anayeambukizwa kwa maziwa hayo hupata homa ya kupanda na kushuka, viungo vikauma, nguvu zikamwisha. Mara nyingi hupewa doksisaiklini na rifampisini kwa wiki sita. Dawa hizo humwandama Brucella, lakini njiani huwapiga pia bakteria wa tumboni ambao hawakumkosea mtu. Kichefuchefu kinakuja, pengine kuhara. Tunayaita hayo madhara ya kando kwa sababu daktari hakuyakusudia. Mwili haujui makusudio. Kwa mchungaji anayeharisha mbali na maji, hakuna cha kando hapo, ingawa namsihi amalize dozi, maana akiikatiza homa huweza kumrudia.

Nikiyaweka haya mawili pamoja, bakteria wa susa na dawa ya homa, naona wema wa kitu haumo ndani ya kitu chenyewe. Umo katika kukutana: bakteria gani, katika mwili upi, wakati gani. Ndiyo maana utafiti wa namna hii una uzito zaidi ya faida ya hospitali tu. Unatulazimisha kuchelewesha hukumu mpaka tujue.

Na anayepaswa kujua kwanza ni yule mama wa sokoni. Maziwa ni yake, na fununu ya kwamba yana wadudu humharibia biashara kwa siku moja. Apewe majibu ya maabara kwa Kisomali, kwa ukamilifu: bakteria wa susa, Brucella, na sababu ya kuyachemsha maziwa kwanza. Ayasikie kabla afisa hajafika kumkataza kuuza.