Hima ya Mikoko

 

Jua, ewe msomaji, ya kuwa katika vitabu vya sharia umo mlango uitwao hima, na wanafunzi wengi huupita upesi kwa kudhani ni khabari ya ngamia wa Bara Arabu tu. Hima ni ardhi isiyo na mwenyewe, ambayo mtawala huizuia isitumiwe na kila ajaye, ili manufaa yake yawabakie watu wote. Mtume alizuia Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Naye Sayyidna Umar alipozuia malisho alimpa mwangalizi wake amri iliyo roho ya mlango huu: mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aachiwe kuingia, na wanyama wa Ibn Auf na Ibn Affan wawekwe nje. Kwani matajiri hao wakifiwa na wanyama wana mashamba na mitende ya kurejea. Masikini akifiwa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa mtawala. Imamu al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1058, ameeleza ya kuwa yajuzu hima kuwekewa mafakiri peke yao, wala haijuzu kuwekewa matajiri peke yao.

Sasa na itazamwe pwani ya Kwale, katika Kenya. Mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi katika miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda na boriti za majumba, hata mahali pengine pakabaki tope tupu. Mwaka 1991 wataalamu wa utafiti wa bahari walianza kuipanda tena, na mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa mapatano na serikali, wakashika kazi iitwayo Mikoko Pamoja, ya kulinda hektari 117. Mkoko huivuta hewa ya ukaa, ambayo moshi wa mafuta na makaa ya mawe umeijaza angani hata dunia ikazidi joto na bahari ikapanda, ukaizika topeni, ikakaa humo karne nyingi maadamu tope halijafukuliwa. Na mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi. Basi mti huo huo wapunguza sababu ya madhara, tena wayazuia madhara yasifike mlangoni. Ukaa uliozuiwa hupimwa, kadiri ya tani 3,000 kila mwaka, watu wa ng'ambo wakalipa, na fedha zikaingia katika maji ya kijiji na shule.

Lakini kijiji kimoja hakijitoshi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo wa bara hadi hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ya mikoko ikafa. Aliyelima juu bila matuta hakumjua mvuvi wa Mwache, naye amemdhuru. Kwa hiyo sheria ya Kenya ya mwaka 2016 imezilazimisha kaunti kutia jambo la tabianchi ndani ya mipango yao ya maendeleo.

Swali zito ni hili: mwanamke aliyezoea kuokota kuni mikokoni aende wapi siku hima itakapowekwa? Gazi wamepanda mivinje nchi kavu ili kuni na boriti zitoke huko. Hiyo ndiyo amri ya Umar kwa mwangalizi wake. Mpango usio na mivinje utamkamata masikini na mzigo wake wa kichwani, na mwenye jahazi la boriti apite usiku.

Kuna wanaoshuku fedha zenyewe: kimeuzwa nini, na hewa haina mwenyewe? Kweli, kuuza kisichomilikiwa hakusihi. Lakini jambo hili li karibu zaidi na juala, nayo ni ujira uahidiwao kwa atakayetimiza kazi, kama kumrejesha mnyama aliyepotea. Haulazimu mpaka kazi itimie. Hapa kazi ni kulinda msitu, na kutimia kwake ni kipimo cha kila mwaka. Ama ruhusa ya kuendelea na moshi wake kama zamani, mlipaji hakuinunua. Aliyelipa ujira ngamia wa jirani arejeshwe hakupata haki ya kumfungulia wa pili.

Sheria iliyotengenezwa upya mwaka 2023 imeagiza ya kuwa, katika kazi za ardhi, jamii ipate si chini ya 40 katika kila 100 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutolewa gharama. Neno gharama ni pana. Wazee wanaoitwa kutia saini wana haki ya kuuliza gharama hizo ni zipi, moja moja, na kusomewa hesabu kwa Kiswahili kabla ya kalamu kushikwa.